Santuri Mia Tatu na Kumi na Mbili

Zimo chini ya nyumba, nyuma ya tanuri,
santuri mia tatu na kumi na mbili.
Tulichapa mia tano.
Reijo alitaka elfu, Maureen akataka mia mbili,
tukapatana kama watu wanaouziana gari bovu.
Kila Machi theluji ikiyeyuka maji hupenya ukutani.
Nimeyainua masanduku kwa matofali mawili.
Mwaka juzi lilitosha tofali moja.

Jina letu Nyundo ya Tatu.
Usiulize ya kwanza na ya pili ziko wapi.
Tulilipata kinuni, zamu ya usiku, karatasi zikinguruma,
na kulipokucha hatukuwa na nguvu ya kutafuta jingine.

Thunder Bay haiko njiani kwenda popote.
Ukitaka kupigia watu wengine muziki
unaendesha saa nane magharibi hadi Winnipeg,
au saa nane mashariki, ukutane na misonobari ileile uliyoikimbia.
Gari letu lilikuwa la mkate, la mnadani,
ndani bado likinuka hamira,
na ubavuni, chini ya rangi nyeusi aliyoipaka Garth,
neno MKATE lilirudi kila liliponyeshewa.
Kenora walidhani tumeleta oda.

Debe tupu haliachi kuvuma, walitusema.
Sawa. Letu lilikuwa limejaa:
deni la spika, kodi ya chumba cha mazoezi,
mkono wa Reijo uliovunjika Februari
(alipiga ngoma kwa mmoja, wiki sita,
asigundue mtu ila mama yake).
Nalo likavuma vilevile.

Maureen alipiga besi na kuandika hesabu
kwenye daftari la shule la mwanawe:
Dryden, watu kumi na wanne, wawili wao wahudumu.
Wawa, theluji, hatukufika.
Marathon, tumelipwa supu.
Winnipeg, watu mia na sitini!
Alama hiyo ya mshangao ni moja tu katika kurasa tisini.
Chini yake, kwa penseli:
walikuja kwa ajili ya bendi iliyofuata.

Mara moja mtu wa kampuni alipanda ndege kutoka Toronto.
Alivaa viatu visivyojua barafu.
Alisikiliza nyimbo tatu, mikono kaikunja kifuani,
akasema: mna kitu, lakini punguzeni.
Tupunguze nini, Garth akauliza.
Akatazama spika, akamtazama Maureen,
akapunga mkono kama anayefukuza nzi. Hicho.
Hatukupunguza.
Ningependa kusema ulikuwa ushujaa.
Kusema kweli, kitufe cha sauti kilikuwa kimekwama tangu mwaka uliotangulia.

Ngoma ikivuma sana hupasuka.
Yetu haikupasuka, ililegea.
Reijo alipewa zamu ya mchana. Garth alipata mapacha.
Hakuna aliyetamka neno la kuaga:
Alhamisi moja tulifika watatu,
iliyofuata wawili,
iliyofuata nilikaa juu ya kreti, peke yangu, na kipaza sauti changu,
nikakunja nyaya polepole, kiwiko na kiganja, kiwiko na kiganja,
nikazima taa nikarudisha ufunguo kwa Bi. Halvorsen
aliyesema, ah, nilidhani mliacha zamani.

Sasa daktari wa masikio
ananifungia kwenye chumba kisicho na mwangwi.
Bonyeza ukisikia mlio, anasema.
Nausikia.
Mwembamba, wa juu, haujakatika tangu themanini na saba.
Yeye ana jina lake la Kilatini.
Mimi naujua: ni Garth, ukumbini Winnipeg,
alipoliegemeza gitaa kwenye spika, akaliacha lilie peke yake,
akaenda kutafuta bia.
Nabonyeza.
Bado sijawasha mashine, ananiambia kupitia kioo.
Nabonyeza tena.